Mwanangu Anaikimbia Mikono Yangu

Alhamisi, jioni. Ukungu umeshuka Tlawi tangu mchana, hata zizi silioni.

Shajara yangu ya mtandaoni, hujambo? Huku kwetu hatujambo. Bibi, mama mkwe wangu, hajambo ila magoti. Baba Paulina yuko Bassotu kwenye mashamba ya ngano, akipata mtandao anasema hajambo. Ng'ombe mzima, ndama ananyonya vizuri. Paulina anakula, anacheka na bibi yake. Mimi ndiyo sijui nijijibu nini.

Paulina ananikimbia.

Ngoja nieleze taratibu. Mtoto ana ukurutu, ile wanayoita pumu ya ngozi, tangu hajatambaa. Shingoni, kwenye kope, kwenye mikunjo ya viwiko. Anajikuna mpaka damu. Krimu ya gulioni ilimtuliza haraka, lakini nikiacha tu vipele vinarudi kwa hasira, na ngozi ya kope ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Daktari mjini Mbulu akasema ile ina steroidi kali, haifai kupakwa machoni hivyo. Akamwandikia nyingine isiyo na steroidi. Nipake kidogo, asubuhi na jioni, pale penye ugonjwa tu. Nimkinge na jua. Vikitoa usaha nisipake, nimrudishe. Akasema siku za mwanzo itachoma kidogo, halafu itapungua.

Kidogo, alisema.

Siku ya kwanza Paulina alipiga kelele mpaka jirani akaja mlangoni. Bibi akamnyakua mapajani kwangu. "We mama Paulina, hiyo ni dawa au pilipili?" Nikampigia baba yake, hapatikani. Nikakaa jikoni peke yangu nimeshika ile tyubu kama nimeiiba.

Nimeendelea kupaka, tunalia wote wawili. Sasa nikinawa mikono tu, anajificha nyuma ya bibi. "Mikono ya mama mibaya." Hata kulala analala kwa bibi. Kitanda kimekuwa kipana, na baridi hii ya huku.

Leo asubuhi nilitaka kuacha. Bibi alishaitoa ile krimu ya gulioni, kaiweka mezani. Nikasema nimuulize nesi kwanza, nikapiga kliniki. Akaniuliza nampakaje. Nikamwambia kama tunavyopaka watoto wote huku: namwogesha maji ya moto pembeni ya mafiga, nampaka hapo hapo mvuke unamtoka, baridi isije ikamshika.

Nesi akacheka. "Mama, unampika mtoto!"

Kumbe ngozi ikiwa na joto na majimaji ndipo dawa inachoma zaidi. Maji yawe vuguvugu. Nimkaushe polepole, bila kusugua, ngozi ipoe na kukauka kabisa, ndipo nipake. Nilitamani kucheka naye, nikashindwa. Mafuta ya watoto tumepakwa hivyo sisi wote, na mama zetu.

Jioni hii nimefanya alivyosema, mbali na moto. Paulina anatetemeka ndani ya shuka langu, bibi anasonya. Nikapaka. Mtoto akafumba macho, akakunja uso akisubiri. Akasubiri. Akafungua jicho moja.

"Bibi, inawasha kidogo tu."

Alimwambia bibi. Hakuniambia mimi.

Nikamnyooshea mikono. Akaitazama, akashuka kwenye kigoda, akaenda zake kwa bibi. Bibi akambeba, na alipopita mezani akaichukua ile krimu ya gulioni akaitupa kwenye shimo la taka. Hakunitazama, lakini niliona.

Kwa hiyo dawa nitaendelea nayo, hilo nimeshaamua.

Nyie kina mama mnaosoma hapa, kama mwanao alipita njia hii, niambie. Siulizi habari za ngozi, ngozi nitaisubiri. Nauliza habari za mtoto. Alirudi kwako lini? Niandikieni upesi, simu ina chaji na mimi niko macho.