Mfereji wa Kuzunguka Hema

Arusha, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba yote hapo Kirolirwe. Mgongo umepoa? Ile dawa ya kuchua ilifika, au imeishia kwenye magoti ya Shangazi? Mimi ni mzima, nakula na kulala. Sauti uliyonitumia kwenye simu niliisikiliza mara tatu: kwamba mmeondoka kambini Lushebere kweli, mmerudi kilimani kwetu, mabati yako juu, ila maji ya mvua yanaingia nyuma ya jiko. Nililia mbele ya sufuria za watu. Baada ya miaka yote ile ya kulala hemani, leo Mama yangu analalamikia ukuta wake mwenyewe! Nilifurahi mno.

Sasa sikiliza habari zangu, na uketi vizuri, maana nimeponea chupuchupu.

Unajua nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Mwezi uliopita mwenye kampuni moja ndogo ya kutembeza watalii alikosa mpishi, akanijaribu mimi kwa safari moja tu, siku nne. Nikifaulu, napewa mkataba, na mkataba una likizo, yaani naweza kuja kukuona baada ya miaka minne bila kuonana. Nikishindwa, narudi kwenye mashuka. Sikukuambia mapema kwa sababu nakujua, ungeanza kufunga na kusali huku mgongo unauma.

Safari yenyewe ilikuwa ya bei nafuu. Wenye nazo wanalala kwenye hoteli za porini. Wageni wetu sita walisimika hema zao wenyewe, wakaosha sahani zao, wakala wali na kabichi yangu na kuisifu. Mama, watu wana nyumba za matofali kwao, na wanalipa ili walale chini ya turubai! Siku nilipotoka Lushebere niliapa kwamba sitalala tena ndani ya kitambaa. Haya, nililala.

Kosa langu lilikuwa hili. Siku ya kwanza, wageni walipomaliza kusimika, mikono yangu ilianza kazi bila kuniuliza. Nilichukua kijiko kikubwa cha chuma, nikachimba mfereji kuzunguka kila hema, upana wa kiganja, mdomo wake ukielekea bondeni, vilevile ulivyotuchimbisha. Nilikuwa kwenye hema la nne Bwana Eliya aliponiona. Huyo ndiye dereva na kiongozi wetu, mtu mzima mkali ambaye kofia haimtoki kichwani.

"Dada Riziki! Nani kakutuma? Huku hifadhini hairuhusiwi kung'oa hata jani, wewe unalima?"

"Pardon, Papa. Kwetu hema bila mufereji haiko hema."

"Fukia. Yote. Tukirudi mjini utajieleza kwa mwenye kampuni."

Nikafukia. Siku mbili nilipika bila kuonja kitu. Tembo alipita karibu na jiko langu kama mtu anayekwenda zake sokoni, na mimi niliganda na mwiko mkononi nikiwaza likizo tu.

Siku ya tatu mchana Bwana Eliya aliwapeleka wageni kutazama simba, nikabaki na maharagwe yangu. Wingu likaja, lile jeusi la chini ambalo wewe na mimi tunalijua. Nilisimama pale na kijiko. Nikichimba, nimevunja amri mara ya pili, na safari ya kuja kukuona imekwisha. Nisipochimba, matandiko ya watu sita yanalowa.

Ndipo nikakukumbuka, Mama, kule kambini, una kipande cha sahani iliyovunjika mkononi, na mimi msichana wa miaka kumi na mitano nimenuna nakuuliza: "Tunachimba ya nini? Si balisema tutarudia kwetu?" Nawe hukuinua hata kichwa. "Chimba, Riziki. Hata kama njo kesho tunaenda, tuende bakavu." Nilikukasirikia kwa ajili ya ule mfereji. Siku mbili sikukusemesha.

Nikachimba. Ila safari hii nilikata majani pamoja na mizizi yake, nikayapanga pembeni ili yarudishwe. Nilimaliza hema la sita wakati matone yananipiga mgongoni.

Waliporudi, kundi jingine la watalii jirani yetu lilikuwa limesimama kwenye maji, magodoro yao nje. Mgeni wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alifungua hema lake, akapapasa blanketi, akatoka kunikumbatia na tope langu lote. Bwana Eliya alizunguka hema zote sita, akiinama kuangalia kila mfereji. Mwishowe akauliza:

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu, Papa."

"Wapi?"

"Kwenye kambi ya bakimbizi. Tulikala kule miaka tatu."

Akavua kofia. Asubuhi yake alipiga magoti pamoja nami, tukarudisha majani kipande kwa kipande na kuyakanyaga, hata huwezi kujua palichimbwa. Mjini alimweleza mwenye kampuni kila kitu, mifereji ya kwanza na ya pili, kisha akasema: "Mimi nampitisha. Ila siku nyingine aniulize kwanza." Mkataba nimeutia sahihi juzi. Tangu hapo napumua vizuri.

Barua hii anakuletea Mama Solange, muuza vitenge anayerudi Goma. Msalimie Shangazi na magoti yake, na mdogo wangu Aline anayekusomea haya. Aline, usiruke mistari. Mjomba kule Walikale, mwindaji wetu, mwambie nimeona nyama zote zile zinatembea na hakuna aliyelamba hata mchuzi. Najua atasikitika.

Nakuja Bonane, Mama. Mwaka mpya utanikuta kwako. Unisamehe kununa kule. Nyuma ya jiko usiguse kitu, mgongo wako upumzike. Huo mfereji niachie mimi. Sitauliza tunachimba ya nini.

Mtoto wako aliyefika mkavu,
Riziki