Sikumwazima

Jumatatu, 6 Oktoba
Dagaa nimewageuza mara mbili. Jua kali, wamekauka vizuri. Mtumbwi bado umelala mchangani tangu injini iibiwe, wavuvi wangu wanacheza bao. Mchana polisi wamepiga simu. Injini imepatikana Busisi, kwa fundi. Aliyemuuzia ni Masanja, mdogo wa marehemu mume wangu. Sikushangaa. Nimekasirika tu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama mkwe amekuja na Kabula, mke wa Masanja, mtoto mgongoni. Nimemwamkia mama, kaitikia kwa shida. Masanja anakana. Ameshafungwa mara mbili kwa wizi. Akitiwa hatiani tena, kifungo chake kimeshapangwa na sheria, hakimu hawezi kupunguza. Huyo anayenyonya atakuwa sekondari baba yake akitoka.
"Mama Kulwa, sema ulimwazima hiyo injini," mama mkwe akasema.
"Sikumwazima, mama."
"Ni neno moja tu."
"Ni uongo, mama. Sitausema."
Chai hawakunywa. Sijali. Nilipoibiwa, hakuna hata mmoja wao aliyekuja kunipa pole.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mwaloni, tunapoanika dagaa, wanawake wenzangu wananipongeza. Wanasema sheria ya namna hii ndiyo dawa ya wezi sugu. Nakubali nusu. Masanja alipokuwa ndani, hakuna injini iliyopotea hapa. Tulilala usingizi. Ila kabla ya kufungwa mara ya kwanza alikuwa mwizi wa kuku. Mambo ya injini kajifunzia huko huko gerezani. Hilo nalo ni kweli. Nimewaambia. Wamerudi kwenye dagaa wao.

Jumanne, 18 Novemba
Mahakamani. Nimetoa ushahidi. Masanja kizimbani, amekonda. Wakili wake kaniuliza kama sina chuki na ukoo wa mume. Nimemjibu injini ni yangu na sikumwazima mtu. Sauti haikutetemeka. Kabula ametema mate nilipopita.

Jumanne, 13 Januari
Ametiwa hatiani. Kabla ya adhabu, hakimu kauliza kama nina la kusema. Nikasimama.
"Mheshimiwa, nataka afungwe. Lakini si mpaka mtoto wake asimjue. Ungempima wewe mwenyewe, ukampa miaka ya kumtia adabu, kisha atoke afanye kazi alee wanawe."
"Nimekusikia, mama. Sheria hainipi nafasi hiyo."
"Basi sheria imekosea."
Karani akaniambia nikae. Nikakaa.
Nje, wanawake wa mwaloni wananiambia namtetea mwizi. Ndugu wa mume wanasema nimemzika Masanja akiwa hai. Wakasirike wote. Aliiba, nimesema. Adhabu imezidi, nimesema. Nikiitwa tena kesho, nitayasema yote mawili.
Nimelia nilipofika nyumbani. Kwa hasira, si kwa majuto.

Jumapili, 25 Januari
Mama mkwe kanipigia simu asubuhi. Anaomba nimsindikize gerezani, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Tumebeba sabuni na dawa ya meno. Masanja kamwamkia mama yake. Mimi hakunitazama. Nimekaa hapo hapo mpaka muda wa kuonana ukaisha.
Kutoka, magari mengi barabarani. Mama mkwe kasimama ukingoni, kaninyooshea mkono. Nimeushika. Tukavuka.