Hashimu, Ulizikwa Bila Utani

Rutamba,
Septemba 1976

Mtani wangu Hashimu,

Assalaam aleikum. Sijui kama salamu hufika huko uliko, lakini siwezi kuanza barua bila salamu, na wewe ungekuwa wa kwanza kunicheka. Nyumbani kwangu ni wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua. Watoto wanakuulizia, hasa yule mdogo, kwa sababu bado hajaelewa kwamba mtu akifa haji tena hata sikukuu.

Nimechelewa kukuandikia. Kila nilipoanza nilijikuta naandika maneno ya kujipamba, nikaichana karatasi. Leo naanza na lile linaloniuma: ulizikwa kimya, na mimi mtani wako nilikuwepo.

Nitafika huko. Kwanza nikupe habari za kilabuni kwa Somoe, maana najua ndizo ungeuliza.

Juma lililopita nilikwenda Lindi kwa shughuli za kijiji. Nilipomaliza nikapita nyuma ya chuo chetu cha ualimu, ile njia ya mchanga tuliyokuwa tukiishika baada ya alasiri, wewe mbele mimi nyuma, tukijifanya tunakwenda kupunga upepo. Hakuna kitu, Hashimu. Baa ya Furaha, ile ya ukuta wa buluu tuliyosimama nje yake kusikiliza santuri kwa sababu bia za ndani zilikuwa za wenye mishahara, sasa ni ghala la unga. Kwa yule mzee wa uraka, pombe ya mabibo, tulikokuwa tukienda msimu wake tu, pameota magugu. Na kwa Somoe hakuna hata kigingi. Paa la makuti limekwenda, benchi zimekwenda, ua umekwenda. Somoe mwenyewe alihamishwa na wenzake wakati wa operesheni ya vijiji. Niliuliza nyumba tatu nne za jirani, hakuna aliyejua alipelekwa kijiji gani.

Nikiwa nimesimama pale akapita mwanachuo mmoja na vitabu kwapani. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nikaitika marahaba, nikamwuliza kama anajua hapa palikuwa na nini. Akatazama huku na huku kwa adabu, akasema, "Hapa? Hapa ni pori tu, mzee, tangu zamani."

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba pori hilo ndilo lililotufundisha kusema mbele za watu kabla hatujasimama mbele ya darasa lolote. Lakini nilikuwa nimevaa suti yangu ya kazi, na mfukoni nina kalamu mbili, nikamwambia asome kwa bidii, akaenda zake.

Unajua kwa nini ulimi ulikuwa mzito. Sikuvibomoa mimi vile vilabu, ila nilikuwemo kwenye mkutano uliopitisha vifungwe, na mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mikono ya wenzangu. Ulipopata habari hukunigombeza. Ulinitumia neno kwa dereva wa lori: "Mwambieni yule Mmwera amejifungia mlango wa nyumbani kwao." Nilicheka mbele ya dereva. Alipoondoka sikucheka.

Unakumbuka meza ya Somoe? Ubao mweusi wa chuo, uliopasuka pembeni, Somoe aliuomba kwa mpishi wetu akauweka juu ya mapipa mawili. Wewe ulikuwa unachukua chaki darasani na kuandika juu yake jina la kila aliyeingia, na chini ya jina unaandika maksi. Mtu akisema neno la maana unampandisha, akisema upuuzi unamfutia kwa kiganja. Mimi sikumbuki kama niliwahi kuvuka nusu. Ilikuwa mara tu baada ya Uhuru, na kila mtu alikuwa na hotuba. Mpagazi wa gatini alikuwa na hotuba. Yule fundi baiskeli kigugumizi alikuwa na hotuba, na wewe ulitunyamazisha wote mpaka amalize, halafu ukampa maksi nyingi kuliko sisi wanachuo.

Na kofia yako. Tulipokaribia ua ulikuwa unaivua, unaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa shati. Ulisema kofia haihusiki. Tukitoka unaivaa tena, unaipapasa kama unaitaka radhi, na unarudi bwenini ukiwa mtoto wa Kiislamu safi kutoka Miteja. Halafu lile tembo tamu la mnazi. Uliapa kwamba wewe hunywi pombe, wewe unakunywa tembo tamu, na tembo tamu hata mtoto hupewa. Somoe alikuwa akishika kiuno na kukujibu, "Baba, limegemwa alfajiri, sasa jua linazama. Tamu lilikuwa asubuhi." Nawe unatia kata mdomoni, unafumba macho, unasema, "Mimi naonja tamu tu, Binti. Kali wanaliona wao."

Huko ndiko tulikojua kwamba sisi ni watani. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi bila kujua jina lako, ukaniuliza natoka wapi. Nikasema Rutamba, Mmwera. Ukasimama, ukawatangazia watu wote wasinikaribishe kitoweo kwa sababu nimezoea panya. Nikakuuliza wewe nani, ukasema Mmatumbi. Nikasema basi ndiyo maana, kwenu panya hamuwapati, ni wepesi kuliko ninyi. Somoe alicheka hadi akamwaga tembo. Tangu siku hiyo hukuniita Issa hata mara moja.

Na ni hapo ulipotoa ahadi, nami nikatoa yangu. Ulisema nikifa mimi kwanza utakuja kunizika na mtego wa panya kifuani ili nisilale na njaa. Nikasema ukifa wewe nitavaa nguo zako, nitatembea mwendo wako, nitalala mbele ya jeneza njiani na halipiti mpaka wakwe zako walete kuku. Ukasema, "Wawili. Kuku wawili, usinishushe thamani." Tukapeana mikono juu ya ule ubao.

Sasa ya Miteja.

Nilikuwa mjini Masoko kwenye semina ya makatibu wa vijiji wa mkoa. Tulikuwa tunakunywa chai, utingo wa lori la korosho akaja kuniuliza kama mimi ndiye mtani wa mwalimu Hashimu. Sikujua hata kama unaumwa. Wakubwa wa semina walinionea huruma, wakasema haifai nihangaike kutafuta usafiri, twende pamoja kwa Landrova, nao watoe rambirambi. Nilishukuru. Nilishukuru kweli, na njia nzima nilijiona mtu wa maana kwa kuwa nakupelekea ugeni mkubwa.

Tulifika watu wamejaa uani. Wakinamama wa kwenu waliponiona nikishuka walianza kunong'onezana, "Mtani kafika, mtani wake kafika," na nyuso zao zikafunguka kidogo. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa, lakini walikuwa wamelichelewesha jeneza ndani kidogo. Baadaye nilielezwa kwamba walikuwa wananingoja mimi. Walijua siwezi kukosa.

Mama yako, Binti Omari, akatoka mwenyewe. Mkononi alikuwa na shati lako la kijani na kofia yako. Mfuko wa shati ulikuwa umelegea, umeinama kama sikio la mbuzi, nami nilijua kwa nini. Alininyooshea tu, kama mtu anayempa mwenzake jembe wakati zamu yake imefika.

Nililipokea. Nikageuka, nikawaona wale wakubwa wamesimama kwa mstari karibu na gari, mikono wameikutanisha mbele, nyuso nzito. Mmoja wao ndiye aliyeongoza ule mkutano wa vilabu. Nikajiona nikivaa shati juu ya suti, nikiyumbisha mabega yako, nikitangaza tembo lako tamu na ubao wa kwa Somoe, nami jina langu limo kwenye kila kisa. Wangeniuliza nini kwenye gari tukirudi?

Nikalikunja. Nililikunja vizuri, kola juu, kofia juu yake, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtani, huyu unamwacha aende kimya?"

Nikamjibu, "Mama, tuna wageni."

Ndivyo nilivyosema, Hashimu. Tuna wageni.

Alinitazama, halafu akatazama suti yangu, akarudi ndani. Jeneza likatoka. Njia ilikuwa wazi kabisa, hakuna aliyelala mbele yake, na lilipita haraka. Nilishika mpini wa jeneza pamoja na wengine, nikatia udongo, nikasikia dua. Shughuli yote ilikwenda sawa, na mkubwa wetu mmoja alisifu kwenye gari akisema amependa mazishi yenye utulivu. Nikasema ndiyo.

Watu wa mjini wataniambia nimekulilia, yatosha. Lakini kulia analia kila mtu. Mtani hakuitwa kulia. Kwetu sisi, asiyetaniwa anapozikwa ni yule aliyekufa safarini, asiyejulikana ni wa nani. Nawe uliyejulikana kuliko sisi wote, ukazikwa kama mtu aliyeteremshwa kwenye lori.

Nikarudi huku nikawa sili vizuri. Mke wangu alidhani ni msiba tu.

Kwenye arobaini yako nilikwenda peke yangu. Nilipanda lori hadi Nangurukuru, nikadandia jingine juu ya magunia, nikafika Miteja nimejaa vumbi. Ulifurahi, natumaini. Nilingoja hitma isomwe hadi mwisho na watu waanze kula, ndipo nikamwendea Binti Omari nikamwomba shati. Akasema nguo zako zimekwisha gawiwa. Shati la kijani alipewa mpwa wako, amekwenda nalo Dar es Salaam.

Basi nikafanya bila shati. Nikavua langu nikaligeuza ndani nje, nikakunja kofia nikaitia mfukoni, nikatembea mwendo wako katikati ya uwanja. Nikawaambia kuwa mwalimu wao aliyekuwa akiwachapa watoto kwa kuchelewa, yeye mwenyewe chuoni alikuwa akiingia bwenini kwa kupita dirisha la jiko. Nikawaeleza tembo la alfajiri linalobaki tamu hadi magharibi. Nikawapa maksi wazee mmoja mmoja, na mwenyekiti wa kijiji nikamfutia zote kwa kiganja. Nikawataja Somoe na yule fundi baiskeli. Nikakaa mlangoni kwenu nikasema sitoki mpaka wakwe walete kuku. Shemeji yako mmoja akaja na jogoo kweli, anapiga kelele, watu wakaanguka kwa kicheko. Mkeo alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na alipoifunua alikuwa analia na kucheka. Hata mwalimu wa madrasa ya kwenu aliyesoma dua alikuwa anatazama chini akijikuna ndevu asionekane meno.

Nilidhani nimekulipa. Kwa muda kidogo nilidhani hivyo, nimeshika jogoo kwapani, watu wananipiga bega.

Binti Omari hakucheka. Hakukasirika pia. Alipika chai, akaniletea mwenyewe, akakaa kwenye mkeka pembeni yangu mpaka watu walipopungua. Kisha akasema, "Umewachangamsha, mtani. Walikuwa wanahitaji. Lakini yeye alikuwa anapita siku ile. Leo hapiti mtu."

Nikaweka kikombe chini. Ni kweli. Nilikuwa nimefanya utani wa arobaini kwenye njia tupu.

Ningekuomba radhi, lakini hiyo nayo uliniharibia zamani. Unakumbuka nilipokuchania daftari kwa bahati mbaya, nikaanza kukuomba msamaha, ukanizuia. Ulisema watani hawaombani radhi, kwa kuwa hawakasirikiani. Sasa jambo hili sina pa kulipeleka. Kama tungekuwa ndugu wa kawaida ningepiga magoti kaburini nikamaliza. Kwako siwezi hata kupiga magoti, utanicheka.

Nilipoaga, mama yako alinisindikiza hadi barabarani, anatembea polepole, mkono mmoja ameshika kiuno. Lori lilipoonekana kwa mbali akaniambia, "Siku yangu mimi usinyamaze. Hata wakija mawaziri."

Nikamwambia, "Sitanyamaza, mama."

Akasema, "Sikia. Mimi nimewahi kuiba mbuzi wa wifi yangu, nikamla na mume wangu, tukasingizia fisi. Hakuna anayejua. Sema hilo." Ndipo alipocheka, Hashimu, mara ya kwanza tangu ulipoondoka, akanisukuma nipande lori.

Nimekuahidi wewe na nimemwahidi yeye. Nitakwenda, nitavaa kanga yake, nitalitaja lile la mbuzi, na jeneza lake halitapita upesi. Wanao nitawafundisha ya kwa Somoe, wajue baba yao alicheka wapi. Na mkutano ujao nikiulizwa kuhusu vilabu vile, nitasema nilikuwa nakaa humo. Haitakusaidia wewe, najua.

Lala salama, Mmatumbi. Wengine huko wakikutajia mazishi yao yalivyokuwa na shangwe, usinifiche. Sema alikuwepo mtani, Mmwera wa Rutamba, aliyeona haya. Unikumbuke hata kwa hilo.

Wako,
Issa