Kadi ya Kokutona

Jumatatu, 4 Juni 1951

Mifuko mitatu ya barua leo. Nimegonga mhuri tangu saa mbili asubuhi. Mkono unaijua kazi, mimi mwenyewe sihitajiki. Wiki ya kumi na mbili tangu mke wangu afariki. Hapa posta wameacha kunipa pole. Afadhali.

Saa tano hivi nikagonga mhuri kwenye kadi ya picha inayokwenda Uingereza. Nikaigeuza. Alikuwa yeye. Kokutona, ameshika kikapu, anatazama pembeni. Chini wameandika kwa Kiingereza: Mwanamke wa Kihaya, Bukoba.

Nikaitupa kwenye fungu lake. Nikachukua barua iliyofuata.

Saa nane mfuko ukafungwa, ukapelekwa melini.

Jumanne, 5 Juni

Najiuliza kama nilikosea. Sikukosea. Shingo ni yake. Gauni lina kiraka begani, nami nilikuwapo akikishona.

Hatuna picha yake hata moja. Tulisema tutapiga siku moja, sote watatu, Alinda akishajua kusimama. Alinda sasa anakimbia. Ana miaka miwili na nusu, analelewa Kishanda kwa wazazi wa mama yake. Mwezi uliopita sikwenda kumwona. Sikuwa na sababu. Sikwenda tu.

Uso wa mama yake hataukumbuka. Jambo hilo nalijua kama ninavyojua bei ya stempu.

Jumatano, 6 Juni

Baada ya kazi nimeteremka hadi ziwani, dukani kwa Bi Zuwena. Kadi za namna ile huuzwa pale tu. Na ndiko Kokutona alikokuwa akipeleka vikapu vyake kila mwezi. Miaka minne, sikuwahi kufika. Sikuwahi hata kumuuliza likoje.

Ni duka la ajabu. Mlangoni kuna mamba aliyekaushwa, kavishwa tarabushi. Ndani ngoma, mikuki, meno ya kiboko, nguo za magome ya miti, saa ya Kijerumani isiyo na mishale. Kila kitu kina kikaratasi chenye uongo wake. Kigoda kama cha nyumbani kwetu kimeandikwa kiti cha mfalme. Wageni wa meli wananunua hivyo hivyo na kufurahi. Mwenyewe ni mama mnene, Mwislamu. Babu yake alitoka pwani, yeye kazaliwa hapa hapa. Alikuwa mkekani anamenya chungwa.

Nikamwambia mimi ni Zakaria, mume wa Kokutona.

"Karibu baba! Mwambie mkeo nimemnunia. Miezi mitatu haniletei kikapu, wageni wananiuliza."

Nikamwambia amekufa. Wakati wa kujifungua. Mtoto naye pia.

Akaliweka chungwa chini. Akasema, "Inna lillahi," kisha akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika. Nilimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha ng'ambo ya ziwa. Nilimwonea wivu.

Baadaye akanieleza habari ya picha. Mpigapicha mmoja alipita hapa mwaka juzi. Alimkuta Kokutona anashusha vikapu, akamwomba asimame ukutani. Akamwambia asicheke. Kokutona akacheka mara tatu, mara ya nne ndipo akajikaza. Aliomba apewe nakala moja aje anionyeshe. Mpigapicha akaahidi. Zilipokuja zilikuja za kuuza tu, na mwenye picha akasahauliwa. Bi Zuwena anasema naye alisahau. Hakujitetea.

Mpigapicha amehamia Kampala, hajulikani alipo. Kadi zimekwisha. Ya mwisho ameinunua jana mama wa Kizungu, mzee, anayekaa nyumba ya wageni pale ufukoni. Kila siku huja saa saba kubembeleza auziwe mamba.

"Yule mamba siuzi," Bi Zuwena akasema, akijifuta macho. "Yule ndiye mlinzi wangu."

Alhamisi, 7 Juni

Niliomba nipangiwe kufungua sanduku la barua. Nikapekua. Kadi ya yule mama ilikuwamo, chini kabisa.

Nimeiweka mfukoni mwa shati.

Miaka tisa kazini, sijawahi kuchukua hata bahasha tupu. Mkuu wangu alikuwa mezani kwake, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Akijua, ni jela. Moyo haukudunda. Hilo ndilo limenitisha, kuliko jela.

Ijumaa, 8 Juni

Kadi iko mezani, hapa chumbani kwangu Buhembe. Nimeitazama tangu nitoke kazini. Sihisi kitu. Nilidhani nikiipata nitalia kama Bi Zuwena. Naona karatasi, naona kikapu, naona mwanamke aliyekatazwa kucheka.

Nikaigeuza, nikasoma nyuma. Kosa la pili. Yule mama anamwandikia dada yake mgonjwa. Anasema: nisubiri, Agosti nitakuwa nimefika, usiende kabla yangu.

Sasa siwezi kuiweka. Kuirudisha sandukuni nako siwezi. Nimeketi. Ndizi nilizopika zimepoa, sijazigusa.

Jumamosi, 9 Juni

Posta tumefunga saa sita. Nikaenda dukani na kadi. Nilimwambia Bi Zuwena nilichofanya. Akashika kichwa. "Wewe nyamaza, niachie mimi," akasema.

Saa saba yule mama akaja, kofia pana, fimbo mkononi. Bi Zuwena akaanza papo hapo, kwa Kiswahili na Kiingereza chake cha kuokoteza: kadi imeokotwa njiani, upepo, huyu kijana ni wa ukoo wa mfalme, ameileta kwa heshima. Alikuwa anaipamba kama anavyopamba vigoda.

Nikamkatiza. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni karani wa posta. Kadi nimeiiba. Barua yake nimeisoma. Mwanamke wa kwenye picha ni mke wangu, amefariki, na mtoto wetu hana picha nyingine ya mama yake. Nikaiweka kwenye kaunta. Nikasema akitaka kwenda kunishtaki, ofisi ya mkuu wangu nitamwonyesha.

Alikaa kwenye kiti cha mfalme. Uso ulikuwa umemwiva, nadhani kwa hasira.

"Dada yangu angeisubiri kadi hii," akasema. "Hukuwaza hilo?"

Nikasema niliwaza, baada ya kuichukua.

Akaichukua kadi, akaitazama picha. Kisha akauliza, "Alikuwa akiitwa nani?"

Nikamtajia. Akajaribu kulitamka, akakosea, akajaribu tena. Akachagua kadi nyingine, ya ziwa, akaomba kalamu. Akanakili maneno yake yote, polepole, neno kwa neno. Hiyo nitaigonga mhuri mwenyewe Jumatatu. Ile ya Kokutona akanisukumia. Hakunipa mkono. Alimpa kwaheri Bi Zuwena, akaenda zake. Leo hakuuliza habari za mamba.

Bi Zuwena akanifungia kadi katika kipande cha nguo ya magome. "Nenda kwa mtoto," akasema. "Leo hii, baba. Usingoje."

Nikapanda lori la kahawa hadi Muleba. Kutoka pale kwa miguu. Nimefika Kishanda jua likiwa bado juu ya migomba.

Jumapili, 10 Juni

Kishanda. Kanisani asubuhi, sote. Baba mkwe amekaa na kadi kifuani wakati wote wa mahubiri.

Jana walipoipokea, mama mkwe aliifuta kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi. Akauliza chini pameandikwa nini. Nikamsomea.

"Mwanamke wa Kihaya? Hana jina?"

Akanitaka niandike. Nikaandika: Kokutona, mama yake Alinda. Ndipo akalia, baba mkwe akatoka nje. Nilibaki nimeshika kalamu.

Alinda aliitazama picha kwa makini. Akaweka kidole. "Kikapu," akasema.

Mchana huu nimekaa uani, buni zimeanikwa kwenye majamvi mbele yangu. Mama mkwe ameniletea kahawa ya kutafuna. Alinda alikuwa anachezea buni, akachoka. Akaja, akapanda mapajani kwangu bila kuniuliza, akalala.

Ni mzito. Sikujua kuwa ni mzito hivi. Mguu umekufa ganzi, nami sijausogeza. Naandika kwa mkono mmoja.