Kibuyu cha Mama Naserian

Wafula, mdogo wangu,

Ulikufa kabla hujajua kusoma, na bado nakuandikia, maana tangu jana situlii. Nikikaa nasimama. Chai imepoa mezani.

Ulikuwa mchanga, huwezi kukumbuka kibuyu. Jirani yetu hapa Kitengela, Mama Naserian, alikuletea humo maziwa ya ng'ombe wake. Baadaye ngozi yako ikababuka, ukaharisha, sukari ya damu ikapanda, na Mama akaamua ni yale maziwa. Akayamwaga mbele ya mwenyewe. Tulikuzika, kibuyu kikabaki juu ya kabati miaka yote: kukirudisha kitupu ni aibu, na kukijaza Mama hakutaka. Hata "sopa", salamu ya Kimaasai, wakaacha kuambiana.

Sasa nasomea kinga ya mwili chuoni. Kuna chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuzuia nyingine zisishambulie mwili wenyewe. Kinachozipa kazi hiyo ni protini moja: inaingia kwenye kiini cha chembe, inashika DNA, inaamua jeni gani ziwashwe na zipi zizimwe. Protini hiyo ikiwa mbovu, hakuna wa kuzuia. Ngozi, matumbo, kongosho linalodhibiti sukari, vyote vinashambuliwa. Nilisoma dalili hizo maktabani nikakuona wewe. Damu yako haikuhifadhiwa, siwezi kuapa. Lakini kaka wawili wa Mama walikufa wachanga hivyo hivyo, na kasoro hii hupitia kwa mama asiyeugua mwenyewe, na kuwaua wavulana.

Hapo nilikwama. Kumwondolea jirani lawama ni kumtwisha mama yetu. Nilikikasirikia kitabu, nikakukasirikia na wewe, bure tu.

Jana nikamwambia. "Ilipitia kwako, Mama, lakini si wewe uliifanya."

Akaniuliza, "Kwa hivyo maziwa haikuwa na shida?"

Nikamwambia hayakuwa na shida. Akashusha kibuyu, akakipangusa, akakijaza sukari. Mlangoni akageuka. "Na wewe je, Nekesa?"

Hilo ndilo linalonizungusha chumbani. Sijapimwa kama nami ninaibeba kasoro hiyo. Ninaogopa, Wafula. Nitapimwa, nakuahidi, na nikizaa mvulana akaugua, nitatafuta daktari kabla ya kutafuta wa kulaumu.

Pumzika, mdogo wangu. Kibuyu kimerudi kwetu asubuhi hii kimejaa maziwa, na Mama ndiye amekunywa wa kwanza.

Dada yako,
Nekesa