Herufi Zako Ziko Mtaa wa Sikukuu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Fikirini,

Shikamoo. Habari za Kilwa? Na ule mkono, umepunguza kutetemeka? Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, ila ulimi wake mzima, kutwa ananisema.

Mjomba, ulipohama Dar ulisema kompyuta zimekufuta mjini. Neno lile lilinikaa moyoni. Ndiyo maana niliposikia kibao ulichoandika kwenye duka la vitambaa la Bwana Kishor kimeoza na anataka kipya, nilikimbia kuiomba kazi ile. Sikutaka apewe mtu baki.

Nimetengeneza fonti, yaani alfabeti nzima ya kompyuta, kutokana na mkono wako: herufi za mlazo, nyembamba, zisizo na vikucha miguuni. Si ulikuwa ukitutania kwamba herufi za Kariakoo haziwezi kusimama wima, maana nazo zinawahi wateja?

Mwanzoni nilifanya uvivu. Nilichukua herufi zilizosimama nikaziinamisha kwa kompyuta. Lo! Zikawa kama walevi walioegemea ukuta. Nikarudi kwenye kibao chako, nikabandika karatasi juu na kufuatisha kwa penseli. Kumbe wewe hukuziinamisha, ulizizaa zimeinama. Ile a yako ni duara lenye mkia, na mguu wa k unashuka kwa mpigo mmoja wa brashi. Nikachora upya kila moja.

Inasomeka vizuri hata ikiwa ndogo. Ipo kwenye mifuko ya duka, na muuza dawa wa jirani ameitaka kwa maelezo ya "mara tatu kwa siku", wateja wasiyachanganye na jina la dawa.

Ila roho yangu ilikuwa juu. Bwana Kishor alitaka herufi nene, wima, kama za wenzake. Alikubali tujaribu kwa sharti moja: mkewe, Bi Jasvanti, asipozipenda, kibao kinashuka.

Jumamosi iliyopita tukakipandisha. Bi Jasvanti hakuwa ameambiwa lolote. Alishuka kwenye bajaji, akatazama juu, akakunja uso. Nikajua nimekwisha. Mara akaanza kugomba:

"Fikirini karudi lini? Anakuja kuandika dukani kwangu, hata salamu hakuna?"

Nililia palepale, Mjomba, mbele ya wapagazi. Kibao hakishuki. Na wewe hujafutwa.

Fonti haina jina bado. Naomba ruhusa yako niiite Fikirini. Nilimweleza Bi Jasvanti ukweli, lakini bado amekununia, anasema hatakusamehe mpaka uje unywe chai dukani.

Nisalimie binamu Kuruthumu na Mzee Hamis. Mama anakusalimu sana. Mungu aujalie mkono wako utulivu, na akulete tukuone.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kujivunia mkono wako,

Najma