Mstari wa Chokaa Chini ya Dirisha Langu

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimekaa dirishani, na shida yenyewe ni hili dirisha, kwa hiyo naomba msaada wako na univumilie nikianzia mbali kidogo.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa rangi, na alikuwa mjumbe wa baraza letu la mtaa, na alipofariki mwaka jana wenzake wakaniomba nikalie kiti chake, nikakubali kwa sababu kiti kile bado kina doa la samawati pale alipozoea kuweka mkono. Baraza letu lina utaratibu wake. Kukiwa na mpango wa kujenga kitu, kabla hatujapeleka maoni yetu ofisi ya mipango miji tunalichora jengo kwa chokaa pale pale kiwanjani, kwa ukubwa wake halisi, vyumba na milango, tunaliacha siku kadhaa watu walipitie, maana ramani ya karatasi wengi wetu hatuisomi lakini chumba ukisimama ndani yake unakijua. Kazi ya kuchora ilikuwa ya mume wangu, kwa kopo lililotobolewa chini, akitembea kinyumenyume taratibu, akiimba mdomo umefungwa, nami namtazama kutoka hapa hapa.

Sasa kiwanja cha nyuma ya nyumba yangu kimepangiwa zahanati, na wenzangu wakanikabidhi lile kopo. Nikachora vizuri tu mpaka nikafika chini ya dirisha, mahali ambapo ukuta utaziba mwanga wa jioni, ule mwanga uliokuwa ukimfikia mume wangu kitandani siku zake za mwisho, akiunyooshea vidole na kuniuliza, "Mama watoto, rangi hii mtu angeichanganya vipi?" Hapo, mshauri, mkono wangu ukapinda, na mstari ukapinda nao, ukaiacha nyumba yangu mbali, na chumba cha pembeni kikabaki chembamba kama kichochoro. Chumba chenyewe ni cha kujifungulia.

Wajumbe wenzangu walikuwa pale pale. Mwenyekiti wetu, mkunga mstaafu, aliutazama mstari, akanitazama mimi, akasema, "Chokaa imekolea vizuri," akageukia pembeni.

Tangu hapo watu wanaingia kwenye nyumba ile ya chokaa kana kwamba ina paa. Jioni mistari inang'aa, majirani wanapiga hodi kwenye mlango usiokuwepo na wanajibiwa karibu. Shemeji yangu, fundi baiskeli, alikatiza ukutani, fundi viatu akamfokea, "We mzee, umekuwa jini? Mlango ule pale!" naye akarudi, akazunguka, akapita mlangoni huku akiomba radhi. Mimi natazama tu, na kuna nyakati naona kama mume wangu yumo humo, anakagua kona, anatembea kinyumenyume.

Lakini jana majirani walibeba kitanda wakijaribu kile chumba, na binti yangu mjamzito alikuwa nao. Kitanda hakikuenea. "Jamani, humu mtu atazaa amesimama!" akasema mmoja, wakacheka, na fundi viatu akasema basi baraza lishauri chumba hicho kiondolewe, wajawazito waendelee kupelekwa hospitali ya mbali kama zamani. Shemeji akaninong'oneza, "Kaa kimya, shemeji. Dirisha la kaka litapona." Binti yangu hakucheka. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, mkono tumboni, akalitazama dirisha langu, nami nikajificha nyuma ya pazia. Jumamosi tunakaa kutoa maoni yetu. Nifanye nini?

Mama wa Dirishani

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana, mama. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Sasa nisikilize.

Mkono haukupinda wenyewe. Uliupinda wewe. Najua kwa nini, na bado nasema uliupinda. Na walikuona! Mkunga mzima hajui kitanda kinataka nafasi gani? Amekuhurumia. Lakini huruma hiyo atakayeilipia ni binti yako, kama si kwa mimba hii basi kwa inayofuata, njiani kuelekea hospitali ya mbali, uchungu umeshamshika.

Wala usijifariji kwamba kibali hutolewa ofisini na ninyi mnasema tu. Ofisa wa mipango hajawahi kukaa dirishani kwako wala kubeba kitanda kile. Ninyi ndio macho yake. Mkimwambia chumba hakifai, atakifuta na hatauliza mara mbili.

Kwa hiyo, kesho asubuhi, watu wakiona, toka na kopo lako. Mstari uliopinda ufute kwa mguu wako mwenyewe, uchore ulionyooka, kisha kitanda kirudishwe humo wakione kinaenea. Shemeji akinuna, mwache anune. Siku ya kikao sema wazi kwamba nyumba inayoguswa na ukuta ule ni yako, uondoke kwenye kiti cha mumeo, ukaketi na wananchi, wengine waamue. Ukiwa huko bado una mdomo, utumie. Baraza linaweza kulikubali jengo na papo hapo likaomba paa lishushwe upande wako. Huenda ofisi ikakubali, huenda ikakataa. Ikikataa, mwanga ule utaupoteza, na sitakudanganya kwamba hautakuuma.

Ila kuna jambo hukuniambia, mama: mumeo alipouliza rangi ile inachanganywaje, ulimjibu nini? Kama hukumjibu, anza kujaribu kuichanganya sasa, jioni moja baada ya nyingine, mwanga ungali upo. Ukuta wa chumba kile utahitaji kupakwa rangi, na siku moja binti yako atalala akiutazama.